Mafuta ya Mtu wa Upepo

Kazi ya kuwapaka watu mafuta niliianza nikiwa na miaka arobaini na tisa, umri ambao wanawake wengi ninaowajua wameshaanza kupakwa wao. Kabla ya hapo nilifua mashuka ya hoteli moja kando ya mto, hapa Jinja, kwa miaka kumi na miwili. Hoteli ikapata mmiliki mpya, akaleta mashine, na sisi wafuaji tukaambiwa asanteni. Mwenzangu mmoja akanidokeza kwamba kuna bibi wa Kihindi barabara kuu anatafuta mwanamke mwenye mikono yenye nguvu, asiyeongea sana, anayejua Kiswahili.

Hilo la Kiswahili ndilo lililonipa kazi. Nilikulia kota za magereza, Mbale. Baba alikuwa askari wa magereza, mtu wa kaskazini. Mama ni Mgisu wa milimani. Kwenye kota kila mlango ulikuwa na lugha yake, kwa hiyo uani sote tuliongea Kiswahili, na mwisho kikaingia hata ndani ya nyumba. Jinja watu hawakipendi sana, wanakiona lugha ya wanajeshi. Nikikisema sokoni, muuza nyanya hunitazama mara mbili, kama vile nimeficha bunduki ndani ya gauni langu la gomesi. Lakini yule bibi alizaliwa Jinja. Kiswahili alikipata jikoni, kwa yaya wake, akakibeba Wahindi walipofukuzwa nchini, akiwa bi harusi, akarudi nacho nywele zikiwa nyeupe, bila kukiongeza wala kukipunguza.

Kila mtu alimwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa la mwanawe. Mlikuwa na kitanda kirefu cha mbao, jiko dogo la gesi la kupashia mafuta, na rafu mbili. Rafu ya chini ilibeba madebe ya mafuta ya kubebea, yaani ya kuchanganyia yale makali: ufuta, nazi, haradali. Ya juu ilikuwa na chupa ndogo za kahawia zenye mafuta makali ya kunukia: sandali, waridi, mnanaa, tangawizi, mdalasini, mkaratusi, mchaichai, karafuu. Ukifungua mlango asubuhi, harufu zote hizo zilikupiga usoni kwa pamoja, kama watu wa ukoo mmoja wanaogombana.

Wiki ya kwanza sikugusa mtu. Nilikaa kwenye kigoda nikimsikiliza Ba akiwauliza wateja maswali. Hakuna aliyepanda kitandani kabla ya kuulizwa. "Ngozi yako kavu ama nakuwa na mafuta? Mikono napata baridi? Chakula nakula haraka? Usiku naamka? Mtu akikosea wewe, hasira nakuja saa hiyo hiyo ama nakuja kesho?" Aliuliza polepole, kichwa kikiwa upande, na majibu hakuyaandika popote.

Kwa hesabu ya wazee wake, watu wote duniani ni wa aina tatu, na wengi ni mchanganyiko wa mbili. Yeye alikuwa na majina yake ya Kihindi, vata, pitta na kapha, lakini kwangu aliyasema kwa Kiswahili. Mtu wa upepo ni mkavu na mwembamba, mikono na miguu baridi, mawazo mengi, usingizi mchache; huyo apakwe ufuta wa moto wenye tangawizi au mdalasini kidogo. Mtu wa moto hutoka jasho upesi, hukasirika upesi, njaa ikimshika hana urafiki na mtu. Apozwe kwa mafuta ya nazi yenye sandali au waridi au mnanaa. Mtu wa maji na udongo ni mzito, mpole, analala kama gogo na kuamka amechoka. Huyo mafuta yawe machache, haradali, na harufu za kumwamsha kama mkaratusi na karafuu. Ukimpa mtu mafuta ya mwenzake unamzidishia alichonacho.

Sikusadiki wala sikukataa. Nilikuwa nimechoka mno kubishana na mtu anayenipa kazi ya ndani ya nyumba, kivulini. Lakini kadiri miezi ilivyopita nikaona kwamba watu wanapenda kuulizwa. Siku moja alikuja mwanamke askari wa polisi, mkubwa wa cheo, mabega yamekakamaa. Ba alikuwa mgonjwa, nikamuuliza mimi.

"Afande, usiku unaamka?"

Akanitazama kama anavyomtazama mtuhumiwa anayejifanya mjanja. Kisha akasema, "Kila siku saa tisa. Nakaa tu kitandani. Hakuna mtu anajua." Nikampa ufuta. Alilala palepale juu ya kile kitanda cha mbao, na nilimwacha alale mpaka mteja mwingine akagonga.

Nilipomsimulia Ba, akafurahi, lakini akanionya jambo moja. "Wewe uliza, halafu nyamaza. Usijibu kwa ajili yake. Macho yako nadanganya wewe."

Nilisema ndiyo. Nilikuwa nasema ndiyo kwa kila kitu siku hizo.

Maana maisha yangu yalikuwa yamegawanyika vipande viwili na vyote vilikuwa vizito. Jumatatu mpaka Ijumaa nilikuwa Jinja, watu watano au sita kwa siku, na mwili wa mtu si shuka. Shuka ukilikamua unalianika, mwili unakuachia uzito wake mikononi. Jioni nilipanda zangu mtaa wa Nalufenya kwenye chumba changu nikala chochote kisichohitaji kupikwa. Jumamosi alfajiri nilikamata gari la Mbale, kupitia Iganga na mashamba ya mpunga, kwenda kwa Mama.

Mama alikuwa mtaa wa Nabuyonga, kwenye nyumba ya vyumba vitatu ambayo Baba aliijenga alipostaafu na ambamo alifia. Msimu wa mvua uliopita aliteleza kwenye ngazi ya choo, nyonga ikapasuka. Ilishikana, lakini vibaya, na tangu hapo alitembea na fimbo kutoka kitandani hadi barazani na kurudi. Mdogo wangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliishi naye. Yeye alimhudumia siku tano, mimi mbili. Yeye ni mlokole wa kweli kweli, wa kufunga na kukesha, na kazi yangu hakuipenda. "Dada, hayo mafuta yanaombewa nani kabla hujayapaka?" aliniuliza mara ya kwanza. Nikamwambia hayaombewi na mtu, yanapashwa moto tu.

Mama mwenyewe hakusema kitu. Mama hakuwa mtu wa kusema. Hivyo ndivyo nilivyomjua maisha yangu yote: mwanamke mwembamba anayepita kando ya ukuta, anayemwita mume wake "Afande" hata mezani, anayepunguza sauti ya redio kabla hajaambiwa. Tulipokuwa watoto, Baba akirudi kazini amekasirika, Mama alikuwa ameshatoka uani kuanua nguo. Kwa hiyo nilipoanza kumwazia mafuta, sikuhitaji kuuliza. Alikuwa mkavu kama ganda la karanga, miguu baridi mchana kweupe, usingizi hana, chakula anadonoa. Upepo. Nilimwona mtu wa upepo aliye wazi kuliko wateja wote niliowahi kuwaona.

Ijumaa moja, baada ya mteja wa sita, nilimtengenezea chupa yake. Mafuta ya ufuta, tangawizi, mdalasini. Mdalasini ni mkali. Ba alikuwa na chupa mbili, moja ya mafuta yenyewe na nyingine aliyokwisha kuyapunguza kwa ufuta ili tusikosee. Nilichukua chupa, nikahesabu matone kama ya ile iliyopunguzwa. Nilikuwa nimechoka na nilitaka kuwahi kulala. Kibandiko sikukisoma.

Jumamosi mchana, mdogo wangu akiwa kwenye kikao cha shule, nikamlaza Mama kwa upande, nikampaka kiunoni, kwenye paja la ule mguu mbaya, na chini mpaka gotini. Nyumba ikanukia kama mkate. Nilijisikia binti mwema.

"Inachoma," Mama alisema baada ya muda.

"Ni joto la tangawizi, Mama. Litaingia mpaka kwenye mfupa, utaona raha."

Nikaendelea. Nikamfunika shuka na blanketi ili joto lisitoke, nikaenda jikoni kuwasha jiko la chai. Nilikaa huko kama nusu saa, labda zaidi. Nadhani nilisinzia nikiwa nimeegemea mlango. Nilipomrudia alikuwa ametulia, macho wazi, ameuma ncha ya shuka. Nikafunua. Kuanzia kiunoni hadi gotini ngozi ilikuwa nyekundu, na nyuma ya paja palikuwa na malengelenge matatu, moja kubwa kama sarafu.

"Mama! Mbona hukuniita?"

"Nilikwambia," akasema. "Ukanijibu."

Nilimfuta kwa mafuta ya kupikia, maana maji peke yake hayayaondoi, kisha sabuni, kisha maji baridi, kitambaa juu ya kitambaa. Mdogo wangu alirudi akanikuta nimepiga magoti na beseni. Alitazama mguu, akatazama chupa dirishani. Nilimngoja anipigie kelele za mashetani, lakini alichosema kiliniuma zaidi.

"Dada, mimi siku tano sijawahi kumuumiza."

Tulimpeleka kwenye kliniki ya jirani tukiwa tumemshika huku na huku. Nesi akampaka dawa nyeupe, akauliza ni maji ya moto au mafuta ya kukaangia. Nikasema ni mafuta. Mama akasema, "Ni bahati mbaya." Tulirudi nyumbani. Mdogo wangu alichukua ile chupa akaenda kuitupa chooni, na sikumzuia.

Jumatatu nilimweleza Ba kila kitu nikiwa nimesimama. Nilidhani atanifukuza, na sehemu yangu moja ilitaka anifukuze, nikalale. Alizitazama chupa zake mbili za mdalasini kwa muda mrefu, akaichukua ile kali na kuifungia kwenye kabati lenye kufuli. Kisha akaniambia nikae kigodani.

"Huyo mama yako, nani nasema yeye upepo?"

"Nimeona mwenyewe, Ba. Mkavu, baridi, hali, halali."

"Hata mimi mkavu. Hata mimi baridi. Mtu akizeeka, upepo naingia nyumba yake, kila mtu. Hiyo ni uzee, hapana yeye. Yeye alizaliwa nini? Miaka ishirini alikuwa nini?"

Nikasema sijui.

"Wewe uliuliza ama wewe ulijibu?"

Nikainuka kwenda kupasha mafuta. Wateja watano siku hiyo. Niliwauliza wote maswali yote, na kila swali lilinirudia mimi: kwamba mama yangu ana zaidi ya miaka sabini, na kwa miaka yote hiyo sijamuuliza hata moja.

Jumamosi iliyofuata sikubeba mafuta. Mdogo wangu aliukagua mkoba wangu kwa macho pale mlangoni, akanipisha. Malengelenge yalikuwa yamepasuka na kuanza kukauka. Mama alikuwa barazani, mguu juu ya mto, mlima Wanale umejifunika ukungu nusu. Nilichukua kisu na bakuli nikaanza kumenya ndizi karibu naye, maana sikujua mtu huanzaje jambo kama hilo akiwa mikono mitupu.

"Mama, ulipokuwa na miaka ishirini, mikono yako ilikuwa inapata baridi?"

"Maswali gani haya?"

"Ya kazini. Nilipaswa kukuuliza kabla."

Akafikiri. "Hapana. Nilikuwa nalala bila blanketi. Bibi yako alikuwa ananiambia nitakuja kuunguza kitanda."

"Njaa je?"

"Njaa ikinishika nilikuwa sisalimii mtu."

"Na hasira?"

Aligeuka kuangalia kama mdogo wangu yuko karibu. Alikuwa nyuma ya nyumba, anafua, tulisikia maji.

"Nilivunja redio ya baba yako," Mama akasema. "Mpya. Nilimuuliza jambo, akaongeza sauti ya redio asinisikie. Nikaichukua nikaitupa kwenye saruji, mbele ya askari wenzake."

Kisu kikasimama mkononi. "Wewe?"

"Sasa nani? Wewe ulikuwa mgongoni. Ulikuwa hujaanza kutambaa. Kesho yake nikafunga nguo zako kwenye kanga, nikashuka stesheni, nikapanda treni mpaka Tororo, na Tororo nikapanda ya Jinja."

Nimeishi Jinja miaka zaidi ya ishirini. Kila mara nilipomwambia Mama habari za Jinja, alisikiliza kama mtu anayesikia habari za nchi ya mbali. Nikamwambia hajawahi kuniambia.

"Hujawahi kuniuliza," akasema, bila ukali wowote. Aliendelea kwa sauti ileile ya chini, na sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa pamoja. Alifikia kwa mama yake mdogo, huko mtaa wa Walukuba, kwenye zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mistari. Kulikuwa na kiwanda cha kufuma nguo. Alipewa kazi ya kuunga nyuzi zinazokatika. Mashine zilipiga kelele mpaka watu wakaongea kwa ishara, na yeye alikuwa na ishara nyingi kuliko wote. Wenzake walicheka mpaka msimamizi akaja. Mimi niliachwa kwa yule mama yake mdogo, nikanywa uji, nikanenepa. Jumapili wanawake wa kiwandani walishuka mtoni kufua, akanibeba, akanitia miguu majini. Miezi saba.

"Ulipenda?"

"Niliimba," alisema. Kana kwamba hilo ni jibu, na ni jibu. Mimi sijawahi kumsikia Mama akiimba, hata kanisani midomo yake huwa inatembea tu.

"Ikawaje ukarudi?"

"Baba yako alikuja."

Maji nyuma ya nyumba yalikuwa yamenyamaza. Sijui kama mdogo wangu alikuwa anasikiliza.

"Hakunipiga. Hakupiga mtu. Alisimama tu mlangoni, na sare yake, akasema, 'Nimekuja kumwona mtoto.' Lakini ilikuwa miaka ile ya utawala wa wanajeshi. Mtu mwenye sare akisimama mlangoni kwako, nani atauliza kama ni wa magereza au wa nini? Mtaa mzima ulifunga milango. Watu waliacha sufuria nje zinaungua. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya tatu mama mdogo akanipigia magoti. Mtu aliyenizidi umri, amepiga magoti mbele yangu! Akasema, 'Mwanangu, nenda naye, watu watasema nyumba hii ina kesi na serikali, tutapotea sote.' Nikaenda."

"Na Baba?"

"Alikuwa ameshanunua redio nyingine. Hatukuongea habari hiyo mpaka anakufa. Yeye hakuuliza, na mimi nikasema, basi, sitamwambia mtu tena jambo. Mwanzo ilikuwa hasira. Baadaye nikazoea. Mtu anazoea." Akaupanga mguu wake juu ya mto. "Zimenye hizo ndizi, zitakuwa nyeusi."

Nikamenya. Nilimkumbuka Baba, mtu aliyetupeleka shule kwa mkono na aliyelia mdogo wangu alipofaulu, na nikajaribu kumsimamisha mbele ya ule mlango wa Walukuba, kijana, na kofia yake, asiyejua au anayejua vizuri sana sare inafanya nini. Nikashindwa kuamua. Nadhani Mama pia alishindwa, na alikuwa na muda mrefu zaidi yangu. Kilichonichosha zaidi ni kile nilichokuwa nimekifanya mimi. Watoto wote wa ile nyumba tulikuwa tumemwona Mama mwoga. Tulisema hivyo wenyewe kwa wenyewe, hata tukicheka. Yaani nilikuwa nimemjibia kwa miaka hamsini.

Wiki iliyofuata Ba alinisikiliza, akasema neno moja tu, "Moto," na akanipa vichupa vitatu vidogo vya kunusa: sandali, waridi, mchaichai. Mafuta ya nazi akasema niyanunue Mbale mwenyewe. Nisimpake mahali palipoungua, na kwingine matone yawe machache kuliko ninavyodhani, kisha nipunguze tena. "Mpe yeye anuse. Pua yake najua."

Jumamosi mdogo wangu alisimama mlangoni mikono kifuani nilipovipanga juu ya stuli. Nilimwambia mbele ya Mama kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu, kwamba nilikuwa nimechoka na sikusoma kibandiko, na kwamba leo Mama akisema hapana ni hapana. Hakuondoka.

Mama alinusa sandali. "Hii ni ya wakubwa," akasema, akairudisha. Akanusa waridi, akakunja uso. "Mazishi." Akanusa mchaichai, akarudia kunusa, akacheka kwa pua.

"Hii ni chai."

"Ni mchaichai, Mama. Unapoza."

"Basi nipake chai." Akamgeukia mdogo wangu. "Na wewe usinitazame hivyo. Kila asubuhi unauchemsha na kuunywa. Leo ndiyo umeingiwa na shetani?"

Mdogo wangu akaziba mdomo, lakini kicheko kilishatoka. Ni yeye aliyeleta kutoka jikoni mafuta ya nazi niliyonunua. Nilitia tone moja kwenye bakuli, nikampaka mguu wa pili, ule usioungua, na mikono, nikiuliza kila baada ya muda, inachoma? Hapana. Sasa? Hapana. "Ukiuliza tena nitakupiga," Mama akasema, na sikuwa na uhakika kama ni mzaha.

Siwezi kudai kwamba mafuta yalimponya. Nyonga ni ileile, usingizi haujarudi wote, na nyuma ya paja pamebaki doa jeusi ambalo nesi anasema halitaondoka. Lakini siku za kazi mdogo wangu ndiye anayempaka sasa, kabla hajaenda shule, na ananitumia ujumbe kwenye simu mchaichai ukikaribia kwisha. Na Mama ameongea. Si siku zote. Kuna Jumamosi ananiangalia tu. Siku nyingine anamwaga habari ambazo sikujua zimo ndani yake: jina la mashine, mwanamke mmoja wa Budondo aliyemletea viazi kila Jumatatu kiwandani, rangi ya ile kanga aliyofungia nguo zangu.

Tena ameiba maswali yangu. Kila anayekuja kumjulia hali anaulizwa kama miguu inapata baridi na kama hasira inakuja leo au kesho. Mchungaji wa mdogo wangu amepewa upepo, akaupokea vizuri. Mdogo wangu ni maji na udongo, na hilo kidogo lilileta ugomvi.

Mwezi uliopita nilifika kwa Mama nikiwa nimetoka kwenye wiki mbaya. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi tangu Jumatano, na siku hizo Ba haamki kila siku, kwa hiyo wateja wote ni wangu. Nilimpaka Mama, nikafua, nikapika malewa, yale machipukizi ya mianzi anayoyapenda, kwa mchuzi wa karanga. Jumapili baada ya chakula nilikuwa nafunga mkoba wangu niwahi gari la saa nane aliponishika kiganja.

"Na wewe unaamka usiku?"

"Naamka, Mama."

"Miguu baridi?"

"Wakati mwingine."

"Hasira?"

"Sina nguvu za hasira."

Aliendelea kukishika kiganja, akikipindua kama mtu anayechagua kiazi sokoni. Nilimuuliza kwa mzaha, basi mimi ni nini, daktari?

"Wewe si upepo wala si moto," akasema. "Wewe umechoka tu. Hiyo haina mafuta. Panda hapa ulale."

Nilimwambia kuhusu gari, kuhusu Jumatatu, kuhusu mteja wa saa mbili. Alisogea mpaka ukutani, polepole kwa ajili ya nyonga, akapigapiga godoro. Nikavua viatu ili nijilaze dakika tano nimridhishe. Nilipoamka jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili wa nyumba, gari lilishaondoka zamani, na Mama alikuwa amekaa kitako pembeni yangu, akinipepea nzi kwa daftari la shule.

Nikampigia Ba simu kumwambia sitafika kesho asubuhi. Nyuma yake nilisikia mashine ya cherehani ya dukani.

"Mama yako mzima?" akauliza.

"Mzima, Ba. Ni mimi nililala."

"Achha, haya," akasema. "Lala. Kuja Jumanne."